UZI: Msimu wa gemu za shule umeanza, mbona mitungi imerudi jikoni? (Malindi na Pwani yote)

#1 MwalimuWaGemu (mwanzilishi wa uzi)

Salaam wadau wa michezo.

Mechi za zoni zimeanza huku Malindi, na kila nikipita viwanjani jioni naona jambo lile lile. Likizo ya Aprili vijana walikuwa wakichuchumaa na mitungi ya maji badala ya vyuma, wakining'inia kwenye boriti, wakishikana miguu na kujisukuma. Kipenga cha kwanza cha msimu kilipolia, mitungi ikarudi jikoni. Leo mpira na kukimbia, kesho kukimbia na mpira. Ukimuuliza kocha anakwambia: "Huu si wakati wa kujenga mwili, huu ni wakati wa kucheza."

Nusu ya jibu hilo ni sawa. Lakini kilichojengwa Aprili hakijishikilii chenyewe hadi Julai. Misuli ikikosa kazi nzito, nguvu hukaa wiki mbili tatu hivi kisha huanza kushuka polepole. Na safari yetu ya zoni, kaunti ndogo, kaunti, kanda ya Pwani hadi taifa ni ya miezi, si ya wiki. Timu inayofika mbali ndiyo inayofika ikiwa imepungukiwa zaidi. Kijana mwenyewe haoni kwa sababu pumzi bado anayo. Kinachomwisha ni ile hatua ya kwanza ya kuchomoka, kuruka mpira wa kona, kusimama ghafla bila goti kuingia ndani.

Ninachosema ni hiki: msimu ukianza, punguza wingi wa mazoezi ya nguvu, usipunguze uzito. Alikuwa akifanya seti nne, mara tatu kwa wiki? Sasa seti mbili, mara mbili kwa wiki, na mtungi ule ule. Wengi hufanya kinyume. Wanaondoa uzito, halafu wanabaki na pushapu hamsini na kuruka kichura uwanja mzima. Hapo unamchosha mtoto na nguvu zake hazibaki.

Huko Norway mwaka 2011 ulichapishwa utafiti juu ya wachezaji wa soka wa kulipwa. Waliofanya kipindi kimoja cha nguvu kila wiki msimu ukiendelea walibaki na nguvu zao za miguu. Waliofanya kimoja kila baada ya wiki mbili zilipungua. Hao ni watu wazima, wetu wana miaka 13 hadi 18 na wengi bado wanajifunza kuchuchumaa sawasawa. Akikaa wiki nzima anasahau. Ndiyo maana mimi hung'ang'ania viwili, vifupi.

Wiki yenye mechi moja Jumamosi naipanga hivi. Jumatatu miguu inapumzika, wanatembeza mpira tu. Jumanne ndiyo siku ya uzito: wakishapasha mwili moto, kabla ya kugusa mpira, dakika 25 hadi 30. Makocha wengi huiweka mwishoni, vijana wameshachoka na magoti yanapinda hovyo. Mimi naiweka mbele, kichwa kikiwa bado kinasikia. Kuchuchumaa umekumbatia mtungi kifuani, seti mbili au tatu za marudio sita hadi nane. Kuinama kwa nyonga, mgongo umenyooka, mtungi ukishuka mbele ya miundi. Kupanda benchi kwa mguu mmoja mmoja. Kujivuta kwenye boriti, au kwa kamba kama boriti imemshinda. Pushapu chache, safi.

Halafu lile zoezi la nyuma ya paja. Kijana anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu, naye anajiachia kwenda mbele polepole akijizuia kwa misuli ya nyuma ya mapaja mpaka mikono inapopokea ardhi. Seti mbili za marudio manne au matano zatosha. Timu zinazolifanya mara kwa mara hupata majeraha ya msuli huo karibu nusu ya zile zisizolifanya, na hakuna zoezi la bure lenye faida kama hiyo. Ila asiyelizoea asilianze wiki ya mechi kubwa, maana kesho yake hata kukaa chini ni shida.

Alhamisi ni kipindi cha pili, dakika 15 tu: kuchuchumaa na mtungi ule ule seti mbili, miruko michache, kisha mbio za kasi kamili za mita 20 hadi 30, nne mpaka sita, mapumziko marefu katikati. Ijumaa mwili mwepesi. Jumapili hakuna kitu, na nikisema hakuna kitu nina maana hakuna kitu.

Kuhusu vifaa, jimu hatuna. Tuna mitungi ya lita 20, na lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mizani iko bombani. Anza na lita 10. Akifanya seti zote kwa umbo zuri vipindi viwili mfululizo, ongeza lita moja. Maji yakichezacheza ndani si vibaya, yanamlazimisha kukaza tumbo. Mtungi ukijaa na bado ni mwepesi kwake, tia mchanga, lakini upime kwanza: lita 20 za mchanga mkavu hufika kilo 30 hivi. Na kijana aweke mtungi chini akiwa bado angeweza kurudia mara mbili au tatu. Akianza kukunja mgongo, seti imekwisha, hata kama ni rudio la nne.

Karibuni tujadili. Wenye timu za wasichana hasa nawataka humu.

#2 MzeeWaNambaSita

Ticha, heshima yako. Ila sisi tulicheza hapo uwanja wa Alaskan bila kujua habari ya mitungi. Asubuhi unakimbia barabara ya Mombasa mpaka Msabaha na kurudi, jioni unacheza mechi, usiku unacheza dansi. Hakuna aliyelalamika nyonga. Watoto wa siku hizi ni soda na simu.

La pili, mtoto akibebeshwa mizigo mapema anadumaa. Hilo tuliambiwa na wazee wetu na nimeliona kwa macho. Hao wa Norway waje wacheze hapa saa saba mchana tuone.

#3 MwalimuWaGemu

Shikamoo mzee wangu. Namba sita wa Alaskan siwezi kumkatalia neno mbele za watu, lakini hapa niruhusu.

Enzi zenu kijana alifika uwanjani tayari ana nguvu. Alikuwa amepanda minazi, amevuta ngalawa mpaka pwani, amelima kabla ya jua kuchomoza. Kukimbia Msabaha ilikuwa ni nyongeza juu ya nguvu alizokuja nazo. Wa leo anakaa darasani tangu alfajiri, na uwanjani ndipo mahali pekee anapotumia mwili. Ukimpa mbio tu, umempa nyongeza bila kile cha kuongezea.

Kudumaa: chama cha makocha wa nguvu cha Marekani kililiandika mwaka 2009, na madaktari wa watoto wa huko wakalirudia mwaka 2020, kwamba mazoezi ya uzito yaliyopangwa vizuri na yenye msimamizi hayamfupishi mtoto. Kweli, karibu na ncha za mifupa kuna mahali laini ambako urefu unatokea, na pale panaweza kuumia. Panaumia kwa kuanguka, kwa kubeba kupita kiasi, kwa vijana kushindana nani zaidi bila mtu mzima karibu. Hayo ndiyo ya kukataza. Mbona mtoto akitua baada ya kuruka kupiga mpira wa kichwa, mguu wake unapokea mzigo wa mara kadhaa ya uzito wake mwenyewe, na hatujapiga marufuku kuruka? Na wasichana wa Magarini wanabeba lita 20 kichwani kila siku kutoka kisimani. Sijasikia mzee akisimama kuwatetea urefu wao.

Saa saba mchana hata mimi sitaki wacheze, na hilo tunakubaliana.

#4 BiMkubwa_Muyeye

Mwalimu, pole na kazi. Mimi ni mzazi tu, sijui mengi ya michezo, lakini nina swali. Binti yangu ana miaka 13, yuko gredi ya nane, anacheza netiboli. Mwaka huu amerefuka mpaka sketi za shule zimekuwa fupi. Sasa goti lamuuma, si katikati, ni hapa chini ya kofia ya goti, na pana kinundu kigumu. Akicheza laanza, akipumzika lapoa. Mwalimu wao amwambia ni uvivu. Shangazi yake asema akandwe kwa mafuta ya nazi na karafuu.

Na jingine, sitaki aende kunyanyua vyuma mbele ya wanaume. Sasa huu mtungi afanyie wapi?

#5 FizioWaPwani

Bi Mkubwa, shikamoo. Sijamwona binti, kwa hiyo mpeleke akaangaliwe. Lakini ulivyoeleza ni jambo tunaloliona sana kwa watoto wanaocheza na kurefuka kwa wakati mmoja. Mfupa umekimbia mbele, misuli ya paja imebaki nyuma, na kano linaloshuka kutoka kwenye kofia ya goti linavuta pale linaposhika muundi. Pale bado pana ulaini, ndipo panauma na kutoa kinundu. Kwa wengine huwa kisiginoni badala ya goti. Wasichana wengi kilele chao cha kurefuka ni karibu miaka 12, wavulana karibu 14, na wapo wanaochelewa. Uvivu hauna kinundu, mwambie huyo mwalimu.

Mafuta ya nazi hayana ubaya, shangazi asikasirike, ila asikande kwa nguvu juu ya kinundu. Kinachotibu ni kupunguza kuruka na kukimbia kasi kwa wiki kadhaa, si kumlaza kabisa. Muulize maumivu ni ngapi kati ya kumi. Yakiwa chini ya matatu na kesho yake asubuhi yametulia, aendelee polepole. Akichechemea, siku hiyo imekwisha. Kuchuchumaa kidogo bila kushuka sana, kuegemea ukuta akiwa amekaa hewani sekunde 30, kuinua nyonga akiwa amelala chali: hivyo huwa vinavumilika na vinamsaidia.

Kwa makocha wote humu: pigeni alama ukutani, mpime urefu wa kila mchezaji mara moja kwa mwezi. Anayeongeza zaidi ya nusu sentimita kwa mwezi, miezi miwili mfululizo, huyo yuko kwenye kurefuka kwa kasi. Utamwona hata uwanjani, ghafla anakanyaga mpira na kujikwaa, miguu haijui ilipo. Mpunguzie miruko, usimpunguzie heshima.

Goti likivimba lote, likikwama, au maumivu yakimwamsha usingizini, hapo ni hospitali bila kungoja mechi iishe.

#6 MwalimuWaGemu

Fizio ahsante, umenipunguzia kuandika.

Bi Mkubwa, mtungi aufanyie uani kwako. Hakuna zoezi hata moja katika niliyotaja linalohitaji jimu au kutazamwa. Dada yake au wewe mwenyewe usimame upande wa mbele uangalie magoti: akichuchumaa au akitua, magoti yafuate vidole vya miguu, yasigongane katikati. Hilo ndilo jicho la kocha, na mama yeyote anaweza kuwa nalo.

Nalisisitiza kwa wasichana kwa sababu lile kano la ndani ya goti, ambalo likikatika msimu umekwisha na pengine na mwaka ujao, linakatika kwao zaidi kuliko kwa wavulana wanaocheza mchezo ule ule. Mara nyingi hakuna hata aliyemgusa. Ametua kwa mguu mmoja, au amesimama ghafla kugeuka, basi. Netiboli ndiyo mchezo wenyewe wa kutua na kusimama ghafla.

Ipo ratiba ya kupasha mwili inaitwa FIFA 11+, ina mazoezi 15, yakizoeleka huchukua dakika 20 hivi. Kukimbia taratibu na kugeuka, kisha planki (kujishikilia kwa viwiko, mwili umenyooka) ya mbele na ya ubavuni, zoezi la nyuma ya paja, kusimama kwa mguu mmoja, kuchuchumaa, kuruka na kutua, halafu kumalizia kwa mbio. Ilijaribiwa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17 katika vilabu 125 vya soka, matokeo yakatoka mwaka 2008: majeraha yalipungua kwa karibu theluthi moja, na yale mabaya yalipungua zaidi. Mimi huitumia hata kwa netiboli na voliboli, nikibadilisha mbio kidogo. Timu nyingi hapa zinapasha mwili kwa kuzunguka uwanja mara mbili na kunyoosha misuli wamekaa kwenye nyasi wakipiga soga. Dakika ni zile zile, faida haipo.

#7 Yakhe_wa_Shela

Salaam aleikum kutoka Lamu. Yakhe, huku kwetu jimu yetu ni vilima vya mchanga vya Shela. Kila Jumamosi asubuhi twawapandisha vijana mbio mpaka juu, mara nyingi mpaka wengine watapike. Miguu yao ni chuma wallahi. Sasa wataka kutuambia mchanga ni mbaya?

Na Ramadhani mwaifanyaje? Miaka hii yaangukia muhula wa kwanza, handiboli na riadha ziko moto, na kocha wetu hataki kusikia.

#8 MwalimuWaGemu

Waaleikum salaam. Mchanga si mbaya, yakhe, nawaonea wivu vile vilima. Mbaya ni tarehe.

Kukimbia kwenye mchanga laini kunakula nishati kama mara 1.6 ya kukimbia mahali pagumu, kwa kasi ile ile. Unazama, mguu hausukumwi kurudi, kigimbi na kano la kisigino vinafanya kazi ya ziada. Kwa hiyo kilima cha Shela ni dawa nzuri ya Desemba, au ya likizo, kwa dozi. Siku mbili kabla ya mechi ni kumwaga petroli chini. Na kutapika si kipimo cha mazoezi mazuri. Ni kipimo cha kocha asiyejua aache lini.

Kisha kuna jambo ambalo watu wa bahari tunalijua kwa kila kitu isipokuwa mazoezi: maji kupwa na kujaa. Maji yakiwa yamekupwa vizuri, hasa siku za bamvua yanapokupwa na kujaa sana, unapata mchanga mpana, mgumu, wenye unyevu, karibu tambarare. Hapo mbio za kasi zinafanyika vizuri na magoti yanashukuru. Maji yakijaa unabaki na ule ukanda wa juu ulioinama kuelekea baharini. Ukiwakimbiza pale kwenda upande mmoja, mguu mmoja uko chini na mwingine juu njia nzima, nyonga na vifundo vinalipa. Kama ni lazima, nusu ya umbali mrudi mlikotoka. Silversands hapa Malindi nimeona timu zinakimbizwa kwenye mteremko huo huo kila asubuhi, kwenda mbali sana, na kurudi wanapanda tuktuk.

Ramadhani: kijana anayefunga habadilishi dini yake kwa ajili ya handiboli, ratiba ndiyo ibadilike. Kazi ya nguvu baada ya kufuturu, tumbo likiwa limetulia, au fupi kabisa karibu na maghrib ili maji yawe dakika chache mbele. Seti moja au mbili, uzito ule ule. Mbio ngumu za mchana ziondoke kabisa. Kumbuka pia kwamba wakati huo ni kaskazi inamalizikia, na Machi ya huku mnaijua. Kocha asiyetaka kusikia, wazazi waende pamoja, wasiende mmoja mmoja.

#9 FizioWaPwani

Niongeze la joto, maana limeguswa mara mbili. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea kufanya kazi juani, kwa hiyo aliyetoka likizo bara au aliyetoka kuugua malaria asirudishwe siku ya kwanza kwa dakika 80. Na huku Kilifi seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, iko katika familia nyingi. Mwenye ugonjwa wenyewe apangiwe na daktari. Hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye kwa kawaida hana shida, asisukumwe mbio za mfululizo kwenye joto mpaka aanguke. Kocha aulize wazazi mapema, kwa siri.

Mchezaji akianza kuyumba na kusema maneno yasiyoeleweka juani, huyo hali yake ni ya hatari. Kivulini, jezi na viatu nje, maji mwili mzima, barafu shingoni, kwapani na kinenani. Lipo pipa kubwa? Mwingizeni, kichwa kibaki juu, mtu amshike. Poozeni kwanza, gari liitwe wakati mnapooza. Barafu haikosekani mji huu, wauza samaki wanayo tangu alfajiri. Kasha moja uwanjani ni bei ndogo.

#10 MpishiWaBweni

Mmesema yote lakini chakula mmekiruka. Mimi napikia wanafunzi. Jumatatu githeri, Jumanne sima na maharage, Jumatano githeri, mpaka Ijumaa wali. Wanamichezo wanakuja na bakuli la pili na sina. Kisha nawaona dukani na vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu. Nifanye nini na bajeti ya shule?

#11 MwalimuWaGemu

Mpishi, wewe ndiye kocha msaidizi wa kweli na hulipwi marupurupu. Maharage na mahindi pamoja si chakula duni hata kidogo, shida ni kiasi na saa. Anayefanya mazoezi jioni asikae kutoka saa saba mchana hadi saa moja usiku na kikombe cha chai. Ndizi mbili, muhogo wa kuchemsha, au uji mzito saa kumi, vinamfikisha. Shule ikishindwa, wazazi wa wachezaji wachange viazi na ndizi. Ni rahisi kuliko jezi mpya wanazochangishwa kila msimu.

Dagaa nakuomba uwapigie debe kwa mwalimu mkuu. Kilo moja inaenda mbali kwenye sufuria kubwa, protini ipo, madini ya chuma yapo. Wasichana wanaopata hedhi wanayahitaji madini hayo zaidi ya wavulana, na akipungukiwa unamwona anahema mapema, mwalimu anasema hana bidii. Mchicha na maharage yanayo pia, lakini yanapokewa vizuri mwilini yakiliwa na kitu kichachu: ndimu, embe bichi, chungwa. Chai iwekwe mbali na mlo, saa moja hivi, inazuia. Najua, mbaazi na mahamri bila chai ni adhabu, kwa hiyo asubuhi waacheni wanywe, mchana na usiku wanywe maji.

Binti akikosa hedhi miezi mitatu mfululizo na anafanya mazoezi mengi, si dalili ya uanamichezo. Anakula kidogo kuliko anavyotumia, na aonwe na daktari.

Yale makopo hayana nafasi kwa mtoto wa shule. Ni sukari na kafeini, na usingizi wa usiku unaharibika.

#12 Winga_17

Kocha shikamoo. Mimi ni kidato cha tatu, niko bweni. Nachezea timu ya shule, na wikendi nikipata ruhusa nachezea timu ya mtaa. Pia nimo kwenye mita 400. Tunaamka saa kumi na nusu alfajiri, tunalala saa nne na nusu usiku. Tangu wiki iliyopita nyuma ya paja inavuta nikikimbia kasi. Kocha wa shule anajua ninafanya mazoezi yake tu, wa mtaa anajua yake tu. Zoni iliyopita tulicheza mechi mbili siku moja. Nifanye mitungi mara mbili kwa wiki kama ulivyosema?

#13 MwalimuWaGemu

Marahaba mwanangu. Hapana, wiki hii hapana.

Hesabu saa zako kwanza. Kipimo rahisi kwa vijana: saa za mazoezi na mechi kwa wiki zisizidi umri wako. Una 17. Andika yote kwenye karatasi, ya shule, ya mtaa, ya riadha, na gemu za mapumziko mnazocheza mkisema si mazoezi. Nadhani utapita 17 kabla ya kufika Ijumaa.

Usingizi: wewe unapata saa sita. Wa umri wako wanatakiwa saa nane hadi kumi. Marekani waliwafuatilia wanamichezo vijana, na matokeo ya mwaka 2014 yakaonyesha wanaolala chini ya saa nane waliumia mara 1.7 zaidi ya wenzao. Ratiba ya bweni siwezi kuibadilisha kutoka hapa, ila mchana wa Jumamosi na Jumapili usiutumie kuzurura. Lala.

Nyuma ya paja ikivuta ukiwa kasini, kasi inaondoka mpaka uweze kutembea haraka, kupanda ngazi na kukimbia taratibu bila kuisikia. Kuinua nyonga umelala chali, miguu miwili kisha mmoja, fanya. Lile zoezi la kujiachia mbele ningoje nikwambie. Mwonyeshe mtu anayejua, usingoje ichanike.

Na wiki ya mashindano yenye mechi mbili kwa siku, kwa makocha wote: mitungi haionekani kabisa. Kipindi cha mwisho cha nguvu kiwe siku tatu kabla, chepesi. Wale wa benchi ambao hawakugusa mpira ndio wakimbie kidogo baada ya mechi, maana nao tutawahitaji Alhamisi na hawajafanya lolote tangu Jumatatu.

#14 MzeeWaNambaSita

Ticha, hiyo ya wa benchi umesema kweli. Mimi nilikaa benchi msimu mzima kabla ya kupewa namba, na siku nilipoingia sikumaliza dakika kumi.

#15 Winga_17

Sawa kocha. Nimeandika, zimefika 21 bila za mapumziko. Lakini timu ya mtaa ina fainali Jumapili na kocha amesema nisipokuja nisirudi tena.

#16 MwalimuWaGemu

Nitumie namba yake kwa ujumbe wa faragha, usiiweke hapa. Na ya kocha wa shule pia. Nitawapigia wote wawili leo baada ya isha, waongee wenyewe kwa wenyewe. Wewe Jumapili ukienda, nenda ukiwa umevaa nguo za nyumbani, ukakae kwa mashabiki.